Nakala ya Pili

Kuran imekatika tangu alfajiri,
na vichupa vyangu kumi na vinane,
kila kimoja na uzi wa tamvua la samaki,
vimelala ndani ya frigo ya Mama Nzigire, Nyawera,
kati ya sambaza wa kuuza na maziwa ya mjukuu.
Frigo yake inakula jua. Ya maabara inakula barua
za kuomba mazuti, zote zimepigwa muhuri.

"Mwalimu," anasema, akipima kwa kopo la Gigozi,
"aba mimi nabakaanga tangu butoto.
Weye unatafuta nini umu ndani, kwenye hakuna nyama?"

Nilianza vibaya. Nikataja jeni, nikataja protini.
Akapunga nzi.

Nikaanza tena, ng'ambo ya barabara,
kwenye kibanda cha fotokopi cha Zihindula:
Unakumbuka wiki ile ya mitihani mashine ilipokwama,
ikatema ukurasa wa saba mara mbili?
Mmoja uliingia kwenye noti, ukafanya kazi yake.
Wa pili ulibaki mezani, haukudaiwa na mtu.
Zihindula akaandika madeni pembeni,
mwanawe akachora pikipiki,
mvua ikala mistari miwili,
mpaka jioni moja mgeni akausoma kichwa chini
akaona njia ya kupanda Kadutu bila kukanyaga matope.

Mwili nao hujinakili, Mama,
na mara chache hukwama.
Nakala ya kwanza haithubutu kucheza:
ikipotosha neno, samaki hafiki kesho.
Ya pili haina kazi,
na kwa kukosa kazi
imepata ruhusa.

Kusini kabisa mwa dunia, baharini kwenye barafu,
kuna samaki ambaye damu yake inakataa kuganda.
Neno linalomkinga lilishonwa
kwa vitambaa vya neno la zamani
lililokuwa likisaga chakula tumboni.
(Hapo alicheka, mkono wake ndani ya frigo.)

Na hawa wako, mababu wa mababu zao
walikuwa watu wa bahari.
Matamvua yao yalisimama mlangoni kama askari:
chumvi, toka!
Kisha mto. Kisha ziwa. Vizazi bila hesabu.
Maji baridi yakawaingia kama wageni wa matanga,
chumvi ikawa adimu kama chenji asubuhi,
na askari yule yule akakuta amri imepinduka:
chumvi, karibu, ingia, usiniache.
Nani alimfundisha kazi ya kinyume?
Nadhani,
na vichupa ni kwa ajili ya hiyo "nadhani",
alikuwa yule wa pili, aliyesahauliwa mezani.

Akanyamaza. Akasema baba yake aliwaona wakifika,
wageni kutoka Tanganyika, wadogo kama kucha,
wakamwagwa katika ziwa hili lenye gesi chini
na pumzi juu tu, kama chai na povu lake.
"Jina lao lenyewe ni amri," nikasema. "Sambaza."
"Basi bakatii," akajibu.

Halafu, bila kuniangalia:
"Kosa ndiyo inatulisha, kumbe?"
Si kila kosa, nikasema. Mengi yanaoza tu.
"Ile naijua."
Akafunga mfuko kwa meno.
"Tulizaliwa mapacha. Dada yangu balimupa jembe na bwana.
Mimi nilibakia ku meza."

Sikuwa na jibu la maabara.
Mafuta yalikuwa yameanza kuongea.
Akachukua chumvi kwa vidole vitatu
akawanyunyizia wale waliosahau bahari.

Saa kumi mtaa mzima ukapiga kelele: imerudi!
Nikahesabu vichupa, kumi na vinane, vyote baridi.
Nikalipia Gigozi mbili.
Akaniongezea konzi moja juu.
"Hii haina kazi," akasema.
"Utaona itakuwa nini."